Heri Pengo la Kweli Kuliko Ukoo wa Kubuni

Kila mwaka, kabla sijawafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza lolote kuhusu ushahidi, huwapa zoezi dogo. Huwaomba wachore ukoo wao hadi kizazi cha tano, na kando ya kila jina waandike wamelijuaje jina hilo. Michoro hurudi ikiwa imependeza. Wazazi wamo, babu na bibi wamo, na huko juu kabisa aghalabu ameketi mtemi, au mwana wa mtemi, au sharifu aliyeshuka pwani kutoka jahazini. Lakini kando ya majina hayo ya juu, mahali palipokusudiwa kuandikwa ushahidi, huwa hapana kitu.

Sijapata kuletewa mchoro ambao juu yake pameandikwa: mtoto wa kulelewa, wazazi wake hawajulikani. Ilhali watoto wa namna hiyo walikuwa wengi katika pwani yetu katika karne ya 19. Walikua, wakaoa na kuolewa, wakazaa, na vitukuu na vilembwe vyao wamo madarasani mwetu leo. Kama hawaonekani katika michoro, si kwa sababu hawakuwapo. Ni kwa sababu wameondolewa, na mahali pao pamewekwa watu wa heshima zaidi.

Mimi ni kitukuu cha mtoto mmoja wa namna hiyo. Baba yake bibi yangu mzaa mama alitolewa katika jahazi la watumwa akiwa mtoto, akalelewa Unguja katika misheni, kisha mzee mmoja wa Mbweni, ambaye naye alikuwa mtu aliyekombolewa, akamfanya mwanawe. Jina la ukoo tulilolitumia nyumbani ni la mzee huyo mlezi. Kwa miaka kadhaa nimejaribu kumtafuta mtoto yule katika madaftari ya zamani. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kutetea rai moja: kwamba kumtafuta babu aliyelelewa ni kazi ya kisayansi inayofaa kufundishwa katika shule zetu za sekondari, na kwamba jibu la “haijulikani”, likipatikana kwa njia ya haki, lina thamani kuliko ukoo mzuri uliobuniwa.

Kulea, kupanga na kuasili

Kiswahili kina maneno zaidi ya moja kwa jambo hili, na mtafiti hana budi kuyatenganisha. Mtoto wa kulea ni neno pana: mjukuu aliyekulia kwa bibi yake ni mtoto wa kulea, na mtoto wa ndugu aliyefiwa ni mtoto wa kulea. Mtoto wa kupanga ni yule aliyefanywa mwana na mtu asiyemzaa. Kuasili ni neno la kisheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kwamba amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na habari zake huingizwa katika rejista maalumu.

Kwa hiyo anayemtafuta babu aliyelelewa zamani asitarajie kupata hati ya kuasili. Hata Uingereza, ambako wengi wetu hudhani kwamba kila jambo lina karatasi yake, sheria ya kwanza ya kuasili watoto ilipitishwa mwaka 1926 na kuanza kutumika mwaka 1927. Kabla ya hapo mtoto alichukuliwa na jirani au shangazi, akapewa jina la nyumba ile, na mahakama haikujua. Hapa kwetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwenye kutafuta hulazimika kusoma karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa, akaokota humo habari za mtoto.

Watoto waliotolewa majahazini ni kundi ambalo, kwa ajabu ya historia, liliandikwa kuliko watoto wengi wa wakati ule. Manowari za Uingereza zilikuwa zikiyawinda majahazi ya watumwa katika bahari yetu. Jahazi lililokamatwa lilifikishwa mbele ya mahakama ya Kiingereza iliyokuwa Unguja, na hakimu aliamua kama lilikamatwa kwa haki. Watu waliotolewa humo walipelekwa mbali: wengine Aden, wengine Bombay, na zaidi ya 2,000 walishushwa katika visiwa vya Shelisheli. Baadaye wengi walikabidhiwa misheni za hapa hapa. Mwaka 1864 Sultani Majid aliwakabidhi wamisionari wa UMCA wavulana 5 waliotolewa jahazini, na shule ya Kiungani ilitokana na mwanzo huo. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1875 kijiji cha Freretown kikaanzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa.

Karatasi hujibu swali la aliyeiandika

Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya shahada ya uzamivu nilipata nafasi ya kusoma majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje yaliyohusu biashara ya utumwa, ambayo yamehifadhiwa Kew, London, katika fungu liitwalo FO 84. Nilikwenda nikiwa na swali moja: wazazi wa mtoto huyu walikuwa nani? Ilinichukua muda kutambua kwamba hakuna aliyepata kuwauliza watoto wale swali hilo kwa nia ya kuliandika jibu.

Nitatoa mfano mmoja. Serikali ya Uingereza iliwalipa mabaharia wa manowari tuzo ya fedha kwa kazi hii. Tuzo hiyo ilikuwa pauni 5 kwa kila mtumwa aliyefikishwa akiwa hai, au ilikadiriwa kwa tani za jahazi lililokamatwa. Maadam fedha ilitegemea hesabu hizo, hesabu ziliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Idadi ya wanaume, wanawake na watoto imo. Urefu, upana na kina cha jahazi vimo. Lakini jina la mama wa mtoto halikuongeza wala kupunguza senti moja katika tuzo, na halimo.

Hili ndilo somo la kwanza ambalo ningependa kila mwanafunzi alipate. Waraka haukuandikwa kwa ajili yetu. Uliandikwa na mtu fulani aliyetaka kujua jambo fulani, na mara nyingi huaminika zaidi katika lile alilolihitaji kuliko katika yale aliyoyataja kwa kupita tu. Mbele ya kila waraka tuulize maswali matatu: nani aliandika, alitaka kujua nini, na alijuaje? Mwanafunzi wa fizikia huuliza maswali yayo hayo juu ya kipimajoto chake, naye mwanafunzi wa biolojia juu ya sampuli yake. Tofauti ni kwamba chombo chetu cha kupimia ni karani aliyekufa zamani.

Jina, kabila na umri

Palipo na orodha ya majina, tuseme ya mahakama au ya misheni, mara nyingi tutakuta mambo matatu juu ya kila mtoto: jina, kabila na umri. Yote matatu yataka hadhari.

Tuanze na jina. Mtoto aliyezaliwa bara alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake. Njiani mfanyabiashara alimpa jingine. Majina kama Mabruki, Feruzi, Baraka na Songoro yalitolewa kwa watumwa wengi mno hata hayamtambulishi mtu. Akifika misheni alibatizwa akapata jina la tatu, na akilelewa katika nyumba ya mtu akapata la nne, la baba mlezi. Jacob Wainwright, kijana Myao aliyekuwa miongoni mwa walioileta pwani maiti ya Livingstone na kuhudhuria mazishi yake London mwaka 1874, hakuzaliwa na majina hayo mawili. Aliyapata katika malezi ya misheni baada ya kukombolewa. Anayemtafuta babaye Wainwright kwa jina la Wainwright atamtafuta milele. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutengeneza orodha ya majina yote ambayo mtu mmoja huenda aliyatumia, na kulipa kila jina mwaka wake.

Tahajia nayo hupotosha. Wayao wameandikwa Yao, Hiao na Ajawa katika vitabu vya karne ya 19, kutegemea mwandishi alisikia kwa sikio la lugha gani. Padre Petro Kilekwa, Mbisa aliyetolewa jahazini na kusoma Kiungani, ambaye habari za maisha yake zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1937, aliitwa Chilekwa kwao. Herufi ndogo tu imebadilika, lakini anayefuata orodha ya alfabeti ataukosa ukurasa.

Kabila lilikuwa mara nyingi jibu la haraka kwa swali la haraka. Mtoto wa miaka 7 aliyeulizwa kabila lake na mtu mgeni, kwa kinywa cha mkalimani, alisema nini? Pengine alitaja kijiji, pengine jina la mkuu wa nchi yao, pengine lugha ya watu waliomteka. Neno Mnyasa lilikusanya watu wa makabila mengi waliotoka pande za Ziwa Nyasa, na neno Mmanyema lilikusanya wengine wengi wa upande wa magharibi. Ni heri kulichukulia neno la kabila katika orodha hizi kama mwelekeo wa upepo: latuonyesha upande, halituonyeshi mlango.

Umri ulikadiriwa kwa macho. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa hesabu rahisi. Ahesabu ni watoto wangapi katika orodha fulani wameandikwa kuwa na miaka 8, 10 na 12, kisha ahesabu walioandikwa kuwa na miaka 9 na 11. Kama umri ungalijulikana kwa kweli, idadi hizo zisingalitofautiana sana. Zikikusanyika katika tarakimu fulani, tujue kwamba karani alikisia.

Hati za uhuru na daftari la kadhi

Njia ya jahazini haikuwa pekee. Wengine walipata uhuru mbele ya afisa au hakimu, na hati zao ni hazina nyingine. Huko Rabai, tarehe 1 Januari 1889, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilitoa hati za uhuru kwa watu takribani 1,400 waliokuwa wametoroka kwa mabwana zao na kukimbilia misheni, baada ya kuwalipa fidia mabwana hao. Unguja na Pemba, amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya Sultani Hamoud haikumwacha huru mtu yeyote kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na mmiliki alilipwa fidia. Kwa kuwa fedha ilihusika, majina yaliandikwa: la mtumwa, la mmiliki na la mahali. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo bibi aliyekuwa suria akikosekana katika madaftari ya kabla ya mwaka huo, tusikimbilie kusema kwamba hakuwapo.

Katika mahakama za makadhi tutakuta majalada ya mirathi. Hapa lazima mtafiti aijue sheria kabla ya kuusoma waraka. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea habadilishiwi nasaba, wala harithi kama mwana wa kuzaa. Mlezi akitaka kumwachia kitu humpa wakati wa uhai wake, au humwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali. Basi tukiliona jina la mtu katika wasia na tusilione miongoni mwa warithi, tuna dalili, ingawa si hakika, ya mtoto wa kulelewa. Kadhalika mtu aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa kumrithi, aliyemwacha huru au warithi wake walikuwa na haki katika mirathi, na ndiyo maana jalada la mirathi la mtu maskini laweza kututajia jina la bwana wake wa zamani.

Tarehe za nyaraka hizi mara nyingi ni za Hijria, na hapa mwalimu wa hesabu ana kazi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo hatuwezi kujumlisha 622 tukamaliza. Tuzidishe kwanza mwaka wa Hijria kwa 0.97, ndipo tujumlishe 622. Mwaka 1290 kwa njia hiyo hutupa 1873, na kweli mwaka 1290 ulianza tarehe 1 Machi 1873. Kosa la kusahau kuzidisha lingetupeleka mwaka 1912, na lingemfanya mjukuu azaliwe kabla ya babu yake.

Kutoka la kujulikana kwenda lisilojulikana

Wengi huanza utafutaji kwa kurukia juu: hufungua orodha ya watoto wa mwaka 1880, wakaona jina linalofanana na la babu yao, wakafurahi, wakaacha kutafuta. Kanuni ya kazi hii ni kinyume chake. Tuanze na sisi wenyewe, tupande kizazi kimoja kimoja, na tusiondoke katika kizazi kabla hatujapata ushahidi wa aina mbili usiotoka chimbuko moja. Simulizi ya bibi na simulizi ya dada yake aliyesikia kwa bibi ni ushahidi mmoja, hata zikisemwa na watu wawili. Simulizi ya bibi na cheti cha ndoa ni ushahidi wa aina mbili.

Nami niliifuata kanuni hiyo. Kwa cheti cha ndoa cha bibi yangu nilimpata baba yake kwa jina la ubatizo. Kwa daftari la ubatizo nililipata jina lake la awali, lililokuwa mojawapo ya yale majina ya kugawiwa, pamoja na neno moja la kabila: Mmakua. Kutoka hapo nilikwenda katika orodha za majahazi ya miaka iliyofaa. Nikamkuta mvulana mwenye jina lile, wa umri ule. Nikaendelea kusoma, nikamkuta wa pili, katika jahazi jingine. Kabla ya kumaliza nilimkuta wa tatu. Mmoja aliandikwa Mmakua, mmoja Myao, mmoja Mnyasa, na baada ya yote niliyoyasema juu ya neno la kabila sikuweza kumchagua yule wa kwanza kwa sababu hiyo peke yake.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Nilikuwa nikiogopa kidogo, kwani alikuwa amengoja habari hizo kwa muda mrefu, na jamaa mmoja alikuwa amekwisha kutuambia kwa uhakika kwamba mzee yule alikuwa mwana wa mfalme wa Wayao. Mama alinyamaza, kisha akaniuliza, “Na hao wawili wengine, wao walitafutwa na nani?” Sikuwa na jibu. Akasema, “Basi watatu wote waandike kwetu.” Hivyo ndivyo walivyo katika daftari langu: watatu, na mbele yao alama ya kuuliza.

Vipimo vya vinasaba

Najua baadhi ya wanafunzi watauliza: ya nini kusumbuka na karatasi, na leo vinasaba vyapimwa kwa mate tu? Ni swali zuri, na jibu lake latokana na somo la biolojia la kidato cha nne. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake. Kwa hiyo sehemu niliyoirithi kwa babu yule, ambaye ni kizazi cha tatu juu yangu, ni wastani wa asilimia 12.5. Kwa mtoto wangu ni asilimia 6.25 kwa wastani, na kila kizazi kinachozaliwa hukata nusu.

Kuna njia mbili zisizokatwa nusu: kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume, na vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wake wote. Lakini babu yangu huyu alimzaa bibi, na bibi akamzaa mama. Kromosomu Y yake iliishia hapo, na mitokondria yake mwanamume hairithishi. Njia zote mbili za moja kwa moja zimefungwa. Hata zingekuwa wazi, kipimo hulinganisha tu na watu waliokwisha kupimwa, na jamaa wa mtoto aliyetekwa bara, ikiwa wapo, yawezekana hawajapata kupimwa. Zaidi ya hayo, Wayao, Wamakua na Wangindo wameoana kwa karne nyingi, na vinasaba havina mpaka ulioandikwa jina la kabila. Kipimo chaweza kusaidia mahali ambapo karatasi zimekwisha kutuonyesha watu wachache wa kulinganisha. Hakiwezi kuchukua nafasi ya karatasi. Nchini Tanzania matumizi ya sampuli za vinasaba vya binadamu yana sheria yake ya mwaka 2009, na shule haina ruhusa ya kuyachezea.

Aibu, siri na haki

Kuna pingamizi mbili ambazo sitaki kuzipita. Ya kwanza ni ya wazee, nao husema: yaliyopita si ndwele. Kwa nini kufukua habari za utumwa na kuwatia watu aibu? Nawaheshimu wenye kusema hivyo, maana wengi wao waliishi katika miji ambamo neno moja juu ya asili ya mtu liliweza kuvunja posa. Lakini nauliza aibu hiyo ni ya nani. Mtoto wa miaka 7 hakuuza mtu. Methali yetu husema mwacha asili ni mtumwa, nayo imewachoma watu wengi isivyo haki, kwani watoto hawa hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa. Tunapowabunia ukoo wa kitemi tunawanyang'anya mara ya pili, na safari hii wezi ni sisi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Miongoni mwa wanafunzi wamo ambao wenyewe wanalelewa na wasiowazaa, na pengine hawajaambiwa. Zoezi la darasani lisije likawa ndilo litakalowafumbulia. Siri ya mtoto aliye hai ina ulinzi ambao habari za mwaka 1880 hazina. Uingereza ilichukua karibu miaka 50, tangu sheria ya mwaka 1926 hadi sheria ya mwaka 1975, kuwapa watu wazima walioasiliwa haki ya kuziona kumbukumbu za kuzaliwa kwao. Inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuzipatanisha haki ya mtoto kujua na haki ya mzazi kunyamaziwa. Kwa hiyo nashauri kwamba mwalimu asimlazimishe mwanafunzi yeyote kuchora ukoo wake mwenyewe. Lipo daftari la kwanza la wanafunzi wa shule, zipo habari za mwasisi wa mji, kipo kitabu cha James Mbotela, “Uhuru wa Watumwa”, kilichotoka mwaka 1934 na kueleza habari za watu wa Freretown. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyekombolewa, na mwanafunzi anaweza kumwuliza maswali yale yale matatu: nani aliandika, alitaka nini, alijuaje?

Kinachoweza kufanywa sasa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe likipotea hatuna hata habari ya upotevu. Nyaraka za Kew hazina hofu. Majalada ya UMCA yako Oxford na ya CMS yako Birmingham, nayo yana paa na walinzi. Za hapa nyumbani, zile zilizokwisha kuingizwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam na Zanzibar, zina watu wa kuzitunza. Zilizo hatarini ni zile zisizojulikana: madaftari ya mahakama ndogo yaliyorundikwa stoo, madaftari ya ubatizo katika parokia za mbali, vyeti na barua zilizofungwa kitambaani chini ya kitanda cha bibi. Mchwa na unyevu havisubiri utafiti.

Shule ya sekondari haiwezi kuwa ghala la nyaraka, wala haifai kuzichukua kwa wenyewe. Yaweza, hata hivyo, kufanya mambo matatu kwa gharama ndogo. Kwanza, kunakili kwa mkono au kwa picha, kwa idhini ya mwenye waraka, na kuandika tarehe, mahali na jina la aliyenakili. Pili, kunakili kosa kama lilivyo, bila kulisahihisha, kwa maana kosa la karani nalo ni ushahidi. Tatu, kuwafundisha watu wa nyumbani kwamba waraka wa zamani haubandikwi kwa utepe wa gundi, hauandikwi juu yake kwa wino, na hautenganishwi na karatasi ulizofungwa nazo, maana jirani ya waraka mara nyingi ndiyo inayoeleza umetoka wapi.

Mwaka huu nilipotoa zoezi langu nilianza kwa kuchora ubaoni ukoo wangu mwenyewe. Niliandika jina la mlezi wa Mbweni, na kando yake ushahidi. Nikaandika jina la mtoto aliyelelewa, na ushahidi. Juu yake nikaweka mistari mitatu na alama ya kuuliza, nikaliacha pengo. Wanafunzi walitazama wakanyamaza. Michoro iliporudi wiki iliyofuata watemi walikuwa wamepungua, na katika karatasi moja, juu kabisa, mwanafunzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: bibi alilelewa, nitamwuliza shangazi.